Makumbusho Yaingie Kwenye Simu ya Kariakoo, Siyo Kompyuta ya Bosi

Kuna mastaa wa Bongo wakitua Paris tu, lazima wapige selfi nje ya Louvre. Chini yake komenti zinamiminika, mioyo na moto kama wote. Siyo dhambi. Ila waulize hao wanaokomenti kama wameshaingia Makumbusho ya Taifa pale Posta, mtaa wa Shaaban Robert. Wengi watakwambia mara ya mwisho walienda na sare za shule.

Na pale siyo pa kinyonge. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1940, enzi za Mwingereza. Pale ndiyo nyumbani kwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye miaka kama milioni 1.75. Kuna pia kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998, ambao kijana wa miaka 25 leo ameusikia kwa wazazi tu. Mitandaoni watu wanapiga kelele kuhusu mjusi wa Tendaguru aliyeko Berlin. Kelele za haki kabisa. Lakini Zinj yupo hapa hapa mjini, nani anaenda kumuona?

Sasa chukua kijana anayeuza kava za simu mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Simu yake kioo kimepasuka pembeni, memori imejaa video, bando ni la siku. Jumapili anataka kumtoa mtu wake sehemu tofauti na beach. Anahitaji kujua vitu vitatu tu: kiingilio bei gani, wanafunga saa ngapi, anafikaje. Akikutana na ukurasa wenye herufi kama mchanga, picha ya MB 5 juu na bei zimefichwa ndani ya PDF, anafunga. Anarudi TikTok. Mgeni amepotea kabla hajafika getini.

Dawa inajulikana zamani. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika kuhusu kurasa zinazojipanga upya kulingana na upana wa kioo. Kwenye kompyuta vitu vinakaa safu tatu, kwenye simu vinashuka safu moja, herufi zinasomeka, kitufe kinabonyezeka kwa kidole gumba.

Ila kukaa vizuri kwenye kioo hakutoshi. Ukurasa unaweza kupendeza na bado ukala bando lote. Picha ya MB 5 ikipunguzwa mpaka KB 100, kwa bando lile lile mtu anaangalia picha 50. Hiyo ndiyo heshima kwa mgeni asiye na hela nyingi. Ameshalipa kiingilio, asilipishwe tena kwa mlango wa nyuma.

Pia wabunifu waache kukimbilia programu za kupakua. Nani atafuta video za mtoto wake ili aweke programu ya kutumia saa moja tu? Msimbo wa QR kando ya fuvu, ukiuskani unafungua ukurasa mmoja mwepesi. Bila kujisajili, bila namba ya simu. Maelezo mafupi kwa Kiswahili cha watu, na kitufe cha kusikiliza kwa asiyependa kusoma. Asiseme mtu kwamba wananchi hawajazoea. Kariakoo hata muuza nyanya ana Lipa Namba.

Wapo wanaosema simu zitafanya watu wasiangalie vitu vyenyewe. Wana hoja. Ndiyo maana maelezo yawe mafupi: mtu asome sentensi tano, kisha ainue macho. Na maandishi ya ukutani yabaki pale pale, kwa sababu mwenye kiswaswadu naye ni mgeni, naye kalipa.

Tatizo kubwa la kazi hizi ni nani anazikagua. Zikikaguliwa na bosi mwenye kompyuta kubwa na Wi-Fi ya ofisini, kila kitu kinang'aa. Zikaguliwe Kariakoo saa saba mchana, juani, mtandao ukiwa umeelemewa. Apewe mama lishe, apewe bodaboda, apewe huyo muuza kava. Waambiwe, "Tafuta kiingilio," halafu mbunifu akae kimya aangalie wanapokwama. Wakikwama, kosa ni la ukurasa.

Historia ya nchi hii siyo ya watalii na wanafunzi peke yao. Kijana wa Aggrey anaijua ratiba ya staa wake kuanzia studio mpaka saluni, kwa sababu habari za staa zinamfuata kwenye simu bila kumsumbua. Zinj naye apewe nafasi hiyo hiyo.

Wewe mara ya mwisho uliingia makumbusho lini? Na nini kingekurudisha? Shusha komenti hapo chini.