Metre Kumi za Kwanza

Kijana mumoja wa korali alikuja kwangu na huzuni. Alishindwa mbio za metre mia, na kocha akamutoa katika ekipe. «Pasta, kweli miye niko muzito?» Nikamujibu: ngoja kwanza.

Usain Bolt, kule Berlin mwaka 2009, alimaliza metre 100 kwa sekunde 9,58. Lakini hata yeye alifikia mbio yake kubwa kisha kupita metre 60. Kwenye mupira, nani anapata metre 60 wazi? Mara mingi ni metre kumi tu, kusimama ghafula, kugeuka, kuanza tena. Hapo njo wepesi unaonekana.

Kumbuka Abu Dhabi, tarehe 14 Desemba 2010, Mazembe yetu na Internacional ya Brazil. Kabangu alikuwa amekwisha kufunga. Dakika ya 85, Kaluyituka akabaki na mupinzani mbele yake. Hakukimbia! Alipunguza mwendo, akachezesha miguu juu ya mupira, mupinzani akasita, na yeye akapiga chini: 2-0. (Kidiaba akaruka-ruka kwa matako, watoto wetu wangali wanamwiga, na mama zao wanafua kaputula.)

Basi kocha, kama unasoma ukurasa huu: umupime tena metre kumi, na kugeuka, mupira ukiwa mguuni. Miye nilimwangalia Jumamosi katika vumbi la komini ya Kenya. Wale wawili waliomushinda metre mia hawakumushika.