MAONI: Kijana, usione haya kuomba ganzi ukitibiwa keloidi

Ulitobolewa sikio, ukanyolewa kisogoni, au chunusi zikakuandama kifuani. Kidonda kikapona, lakini kovu likakataa kukoma. Likavimba, likawa gumu, likawasha, likavuka hata mipaka ya kidonda chenyewe. Hiyo ni keloidi, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio hutupata zaidi.

Tiba inayotumika sana ni sindano ya steroidi iitwayo triamsinoloni, inayodungwa ndani ya kovu kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa miezi kadhaa. Hapo ndipo pana kasheshe. Nyama ya keloidi ni ngumu, dawa husukumwa kwa nguvu, na uchungu wake si mchezo. Kuna wanaodungwa mara moja tu wakaapa kutorudi. Tiba ikikatizwa, kovu huendelea kukua, na pesa za sindano ya kwanza zimeenda bure.

Ukilalamika unaambiwa, "Jikaze!" Kwani kujikaza kunatibu nini, na ganzi ipo?

Lignokeini, ile ile anayotumia daktari wa meno, huzuia neva kupeleka maumivu kwenye ubongo. Inaweza kudungwa kuzunguka kovu kwanza, au kuchanganywa na steroidi katika bomba moja. Ipo pia krimu ya ganzi, ambayo hupakwa na kufunikwa kwa takriban saa moja kabla ya sindano. Hata barafu husaidia kiasi. Tusidanganyane: sindano ya ganzi yenyewe huchoma kidogo, na krimu hufika juu juu tu. Lakini kuumwa kidogo si sawa na kutolewa machozi.

Ila usijinunulie krimu dukani ukajipaka ovyo. Ganzi ikizidi kipimo inaweza kudhuru moyo na ubongo. Mwambie daktari kama una mzio wa dawa, ugonjwa wa moyo au ujauzito.

Nanyi wahudumu wa afya, msingoje kijana aombe. Wengi hawajui kwamba ganzi ipo, na wanaojua wanaogopa kuonekana waoga. Mwelezeni mapema, kabla hamjashika sindano. Mgonjwa asiyeteswa leo ndiye atakayerudi wiki 4 baadaye, na keloidi haiponi kwa sindano moja.