Habari Isipite Bila Kupiga Kambi

Atokaye Tabora mjini kuelekea kusini, akiisha kuipita Sikonge, hufika Ipole, na hapo barabara hugawanyika: mkono mmoja huenda Mpanda, mwingine Rungwa hadi Mbeya. Kila kitu hupita pale. Hupita mabasi, malori ya tumbaku, madumu ya asali, na habari za ulimwengu mzima ndani ya simu za abiria. Lakini kupita si kufika. Zama za misafara, kijiji kilichopitwa tu na msafara hakikuvuna ila vumbi. Kilichofaidika ni kile ambako mizigo ilitulizwa chini, moto ukawashwa, wapagazi wakauliza na kuulizwa. Nasema habari nazo zina tabia hiyohiyo. Taifa linalojivunia wingi wa magazeti, redio na vifurushi vya intaneti, bila kuuliza habari hizo hupiga kambi wapi, linahesabu mizigo iliyopita njiani kana kwamba ni akiba ya ghalani mwake.

Tabora inalijua jambo hili zamani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliingia Unyanyembe akimtafuta mmisionari David Livingstone. Aliwakuta Waarabu wa Tabora wamo vitani na mtemi Mirambo na njia ya Ujiji imefungwa. Akajitia vitani upande wa Waarabu, mambo yakawaendea kombo, naye akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda. Mwaka uliofuata, baada ya kukaa na Livingstone pale Kwihara, alirudi pwani na barua za Livingstone, na wasomaji wa Marekani na Ulaya wakazungumza juu ya nchi hii kana kwamba ni shamba la jirani. Mirambo alitajwa ng'ambo ya bahari, wala hakuwa na ukurasa wa kujibia. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya safari ile hawakuulizwa lolote. Ilikuwa habari juu ya watu, haikuwa habari ya watu. Simtwishi mwandishi mmoja mzigo wote wa ukoloni, maana ukoloni ulikuwa na sababu zake nyingi. Lakini nchi inayosimuliwa na wengine pasipo nafasi ya kujibu imekwisha kunyang'anywa kitu hata kabla ya ardhi yake kuguswa.

Msomaji atauliza: je, huko zilikokwenda habari zile, watu hawakufanikiwa kwa magazeti yao? Wasomi wa Ulaya wenyewe wamelichunguza swali hili kwa bidii, na majibu yao yanatufaa. Mwaka 1962 Jürgen Habermas wa Ujerumani alitoa kitabu kinachoeleza jinsi raia wa karne ya 18 walivyokuwa wakikutana katika nyumba za kahawa za London na kumbi za Paris, wakasoma magazeti na kuyajadili hadi watawala wakalazimika kusikiliza. Angalia vizuri: nguvu haikukaa kwenye karatasi peke yake, ilikaa mezani karatasi ilipofunuliwa. Kabla yake, Paul Lazarsfeld na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa wilaya moja ya Ohio, Marekani, katika uchaguzi wa 1940. Walitarajia kukuta redio na magazeti yakiwageuza watu. Wakakuta kwamba vyombo hivyo mara nyingi viliwathibitishia watu walichokwisha kuamini, na kwamba waliobadili nia mara nyingi waliguswa na maneno ya ndugu, rafiki au mfanyakazi mwenzao. Sisi wenye mabaraza tungeweza kuwaambia hivyo bila gharama ya utafiti, lakini ni vema kwamba wamepima.

Ushahidi ulio mzito zaidi ni Umoja wa Ulaya wa leo. Una bunge linalochaguliwa na wananchi moja kwa moja tangu 1979, na lugha rasmi 24. Magazeti na vituo vya televisheni havina idadi. Hata hivyo waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 62 mwaka 1979, wakashuka hadi chini ya 43 mwaka 2014, kabla ya kupanda tena kupita 50 mwaka 2019. Kushuka kule kulikuwa na sababu kadhaa, ikiwamo kuingia kwa nchi mpya, nami sitaki kuzilazimisha tarakimu ziseme zaidi ya zinavyoweza. Lakini wachunguzi wengi wamerudia jambo moja: Mfaransa husoma ya Ulaya kwa jicho la Ufaransa, Mjerumani kwa jicho la Ujerumani, na mahali pa wote kubishana pamoja ni haba. Lilianzishwa hata gazeti la bara zima, The European, mwaka 1990, likafungwa 1998. Sisi tunacho kile wanachokitafuta. Mrina asali wa Ipole na mvuvi wa Kilwa husikiliza taarifa moja kwa lugha moja na kuielewa pasipo mkalimani. Basi tuna chungu, tuna kuni, na bado chakula hakijaiva.

Kiliwahi kuiva. Januari 1958 wajumbe wa TANU, chama kilichopigania uhuru, walikutana Tabora kuamua kama wataingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walikuja wakitaka ususiwe. Wakabishana, Julius Nyerere akawashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuunda chama chake. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara, na kura za 1958 na 1959 zikaipa TANU ushindi. Wakati huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika walifungwa kwa uchochezi, na Nyerere mwenyewe akatozwa faini kwa maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU. Mkoloni, kwa namna yake, alikuwa amelielewa somo la Habermas.

Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitangaza, vijitabu vikagawiwa, na watu wapatao milioni mbili wakaketi katika vikundi vyenye viongozi waliofundishwa, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Nchi chache za wakati ule ziliwahi kufanya jambo kama hilo kwa ukubwa huo. Ila tuseme ukweli: mada zilitoka Dar es Salaam zikiwa zimekwisha kuamuliwa. Kikundi kilijadili namna ya kutekeleza, hakikujadili nini kitekelezwe. Habari ilipiga kambi vijijini, lakini msafara wa kurudi haukuondoka.

Wapo watakaosema siku hizi kila kijana ana simu, na kundi la WhatsApp ndilo baraza jipya. Sawa, lakini kundi hilo hujua zaidi aliyoyasema msanii jana kuliko fedha za zahanati zilivyotumika. Wengine watasema mabaraza ya kale yalikuwa ya wazee wanaume. Ni kweli, msomi Nancy Fraser alimkosoa Habermas kwa sababu hiyohiyo mwaka 1990, kwamba nyumba zile za kahawa ziliwaacha nje wanawake na maskini. Hilo latudai tupanue ukumbi ili mama mlima tumbaku na mfugaji aliyehamia juzi wapate pa kukaa. Tena wapo wenye hofu, wakikumbuka magazeti ya Mawio na MwanaHalisi yalivyofungiwa mwaka 2017. Hofu hiyo ina msingi, wala simwambii mtu ajitose. Lakini kuuliza mapato na matumizi katika mkutano mkuu wa kijiji ni haki iliyomo katika sheria, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeipa mamlaka husika siku 30 za kujibu.

Kwa Ipole jambo hili lina uzito wa pekee. Vijiji vyake vimetenga ardhi kwa hifadhi ya jamii ya wanyamapori, na msitu huo una uwindaji, mizinga na mapato. Habari ya kwanza ya kujadiliwa pale si ya Brussels, wala si ya Dodoma. Ni ya fedha zilizotoka msituni na mahali zilipokwenda. Wahariri wapeleke waandishi kupita makao makuu ya wilaya. Vijana waliosoma waandike yanayoamuliwa kijijini na kuyapeleka redioni. Na katika ukuta wa ofisi ya kijiji ibandikwe karatasi ya tarakimu, chini yake pabaki nafasi ya maswali. Swali likijibiwa liandikwe jibu lake, na lisipojibiwa iandikwe tarehe lilipoulizwa.