Dakika ya kwanza ya mtoto: kwa nini semina ya siku moja haimtoshi mkunga

Mtoto amezaliwa saa nane usiku na halii. Mkunga wa zamu yuko peke yake. Ana kama dakika moja ya kumkausha, kumsugua mgongo, kusafisha njia ya hewa kama imeziba na, akiwa bado hapumui, kumwekea barakoa ndogo usoni na kuanza kumpumulisha kwa ambu, ule mfuko wa mpira unaominywa kwa mkono ili kusukuma hewa mapafuni. Wataalamu wanaiita dakika ya dhahabu.

Mkunga huyo alijifunza wapi kazi hiyo? Na mara ya mwisho kuifanya kwa mikono yake ilikuwa lini?

Maswali haya yanaweza kuonekana ni ya vyuo vya uuguzi, lakini yanamgusa kila mwenye mke, binti au dada mjamzito kijijini. Katika makala haya tunaeleza walichogundua watafiti hapa hapa Tanzania kuhusu namna ya kuwafundisha wauguzi na wakunga, na kwa nini matokeo yao yanapaswa kubadili matumizi ya fedha za mafunzo.

Uzito wa nusu dakika

Watoto wengi huzaliwa na kulia wenyewe. Karibu mtoto mmoja kati ya 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ili aanze kupumua, na kwa wengi wa hao kukaushwa na kusuguliwa mgongo kunatosha. Wachache hubaki kimya, na hao ndio wanaohitaji ambu.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, watafiti walikaa leba na kupima muda. Matokeo waliyochapisha mwaka 2012 yalionyesha kwamba, kwa watoto waliohitaji kupumulishwa, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Nusu dakika ni muda wa kutafuta funguo ya kabati.

Mafunzo yalileta matumaini

Mwaka 2010 mafunzo maalumu ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalizinduliwa kimataifa, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuyajaribu. Washiriki hutumia mwanasesere anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto halisi. Mkunga humkausha, humsugua, humwekea barakoa na kuangalia kama kifua kinapanda.

Utafiti uliofanyika katika hospitali nane nchini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47, kutoka karibu 13 hadi 7 kwa kila watoto 1,000. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Ni rahisi mtu kuhitimisha kwamba kazi imekwisha: wafundishe wote, wape vyeti, basi.

Haydom yauliza swali gumu

Mwaka huohuo wa 2013 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka Haydom uliopaswa kumfikirisha kila anayeandaa semina. Wahudumu walifundishwa kwa siku moja. Kabla ya mafunzo walipimwa kwa mwanasesere, na waliofaulu kumsaidia "mtoto" asiyepumua walikuwa asilimia 18. Miezi saba baadaye walipimwa tena, na waliofaulu walikuwa asilimia 74.

Kwa mtihani, hapo ungepigiwa makofi. Lakini watafiti hawakuishia kwenye mtihani. Waliingia leba kuangalia kinachofanyika kwa watoto wenyewe. Idadi ya waliosafishwa njia ya hewa au kupumulishwa haikubadilika. Waliosuguliwa ili waamke walipungua. Vifo vilivyotokana na kukosa hewa havikushuka.

Kwa maneno mengine, watu walijua cha kufanya na walikifanya vizuri mbele ya mwanasesere, lakini ujuzi huo haukuvuka mlango wa leba.

Kwa nini mkono husahau

Fikiria zahanati yenye uzazi kama 10 kwa mwezi. Kwa mwaka ni watoto 120. Tukichukulia kwamba watano kati ya kila 100 watahitaji ambu, hao ni watoto sita kwa mwaka mzima. Zahanati ikiwa na wahudumu wawili wa kupokezana zamu, kila mmoja atakutana na mtoto wa namna hiyo mara tatu tu kwa mwaka.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Barakoa ikikaa vibaya, hewa huvujia pembeni. Kichwa kikiinama mno au kikirudi nyuma mno, njia ya hewa huziba. Hofu nayo inavuruga, hasa mama anapouliza mbona mwanangu halii. Golikipa hawezi kusoma kitabu cha penati mwezi wa kwanza kisha akasubiri fainali ya mwezi wa nane bila kugusa mpira. Ndivyo ilivyo kwa mkunga.

Dakika tatu hadi tano kila wiki

Uongozi wa Haydom haukuzika matokeo yale. Kuanzia Februari 2011 hospitali ilianzisha utaratibu mwingine. Mwanasesere aliwekwa pale pale kazini. Kila wiki wakunga walifanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano, na kila mwezi kulikuwa na marudio ya dakika 40, yakisimamiwa na wenzao wa hospitalini. Hakuna aliyehitaji kusafiri.

Watafiti walilinganisha mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya utaratibu huo, kila mwaka ukiwa na watoto zaidi ya 4,800. Safari hii mabadiliko yalionekana kwa watoto wenyewe. Waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka. Waliohitaji ambu walipungua, dalili kwamba wengi walianza kupumua mapema kabla hali haijawa mbaya. Vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Tukipiga hesabu, kwa hospitali yenye uzazi mwingi kiasi hicho, tofauti hiyo ni watoto kama 18 au 19 kwa mwaka, karibu nusu ya darasa la chekechea. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, ni Haydom tu?

Hili ni swali la haki. Kulinganisha hospital moja kabla na baada kuna udhaifu wake, kwa sababu mambo mengine pia huenda yalibadilika katika kipindi hicho. Ndiyo maana mpango mkubwa zaidi ulifuata, katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mikoa ilianza kwa zamu ili ile ambayo bado haijaanza ilinganishwe na iliyokwisha kuanza. Mpango uliunganisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na kumpumulisha akizaliwa, na matumizi ya takwimu za kituo chenyewe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England nchini Marekani. Vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Punguzo halikuwa sawa katika mikoa yote, na kwa kuwa mazoezi yalikwenda pamoja na vifaa, hatuwezi kusema kila mtoto aliokolewa na mazoezi peke yake. Hata hivyo, somo la Haydom limepata nguvu: ujuzi unaorudiwa kazini hudumu kuliko ujuzi wa semina.

Kinachokwamisha ni nini?

Dakika tano kwa wiki hazihitaji ukumbi, nauli wala posho ya kulala. Zinahitaji vitu vitatu: mwanasesere asiyefungiwa ofisini, mtu mmoja wa kituoni mwenye jukumu la kusimamia mazoezi, na mganga mfawidhi anayeyahesabu kama sehemu ya kazi.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Semina ina picha, orodha ya mahudhurio na cheti, hivyo ni rahisi kuiandikia ripoti. Mazoezi ya asubuhi kwenye kona ya wodi hayana sherehe. Tena, kituo chenye muuguzi mmoja anayeshika kliniki, chanjo na leba kwa pamoja hakiwezi kulaumiwa kwa kukosa muda. Mazoezi hayazibi pengo la watumishi, na atakayeyatumia kama kisingizio cha kutoajiri atakuwa ameusoma utafiti vibaya.

Hatusemi semina zifutwe. Hata Haydom walianza na siku moja ya mafunzo, kwa kuwa lazima mtu afundishwe kwanza ndipo arudie. Tunachosema ni kwamba bajeti inayoishia kwenye semina imeishia njiani.

Wewe msikilizaji ufanye nini?

Kituo cha serikali kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Mjumbe wako unamfahamu, au mwenyekiti wa kijiji anamfahamu. Mpelekee maswali manne. Je, zahanati yetu ina ambu na barakoa ya mtoto mchanga, na viko mezani au kabatini? Mwanasesere wa mazoezi yupo? Wahudumu walifanya mazoezi lini mara ya mwisho? Nani anaandika kumbukumbu?

Uliza kwa heshima. Mkunga aliyekesha na mkeo hastahili kuhojiwa kama mtuhumiwa. Ukiona ameshika mwanasesere mchana wakati foleni imetulia, usidhani anacheza. Anajiandaa kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa kimya saa nane usiku, na mtoto huyo anaweza kuwa wa nyumbani kwako.