Helmeti ya Mchango Haitoshi
Mwendesha boda akivunjika paja kwenye barabara ya Mbarara–Kikagate, wenzake wa steji huzungusha helmeti, noti za elfu mbili mbili zikaingia, majeruhi akafikishwa hospitali ya rufaa. Ni utu, sikatai, ila mchango huo hulipa dawa za wiki ya kwanza, na mfupa hudai miezi. Bima ya lazima nayo humlinda mtu wa tatu, si mwendeshaji mwenyewe. Mchango unaweza kugeuzwa mfuko: Uingereza, wapanda farasi wa mbio Brookshaw na Farrell walipoanguka wakapooza, michango iliyotolewa kwa ajili yao ilizaa mfuko wa kudumu kuanzia 1964. Utasema wale wana matajiri. Kweli, lakini anayetoa elfu mbili siku ya ajali anaweza kuweka mia mbili kwenye mfuko wa steji kila siku ya kazi, awe mzaliwa wa Mbarara au mkimbizi wa Nakivale. Kinachotisha zaidi ni mweka hazina, na hofu hiyo ina sababu; kwa hiyo daftari lisomwe mbele ya wote kila Jumapili.