Mwanafunzi, usingoje mwaka wa mwisho ili kubisha mlango wa mwalimu wako

Kila mara juri zinapotangaza matokeo katika vyuo vikuu vyetu, iwe Lubumbashi, Kisangani, Goma ao Bukavu, kuna kundi moja la wanafunzi ambalo halikosi. Ni wale waliofika mwaka wa mwisho na kugundua kwamba pointi za somo moja la mwaka wa kwanza hazionekani popote. Mwalimu aliyelifundisha amehamia kwingine, karatasi ya mtihani haipatikani, na kwenye sekretariati wanaambiwa warudi kesho. Wengi wao si wavivu wala si wajinga. Kilichowakosa ni mtu wa kuketi nao mapema, akashika karatasi ya matokeo yao na kuisoma pamoja nao, mstari kwa mstari.

Mtu huyo ndiye ninayetaka kuzungumzia leo: mshauri wa masomo. Mahali pengine ni mkuu wa idara, mahali pengine ni asistenti ao mkuu wa kazi aliyepewa promosheni fulani kuifuata. Jina halina neno. Neno ni kwamba wanafunzi wetu wengi humfahamu kwa mara ya kwanza wakati mambo yamekwisha kuharibika, na vyuo vyetu vingi havionekani kuona ubaya wowote katika hilo.

Zamani jambo hili lilikuwa na nafuu kidogo. Mwanafunzi alifanya graduat miaka 3, kisha licence miaka 2. Masomo ya mwaka yalikuwa yamepangwa, wote walipita njia moja, na mwisho wa mwaka juri ilisema: umepita ao umeshindwa. Ukipata asilimia 50 ni satisfaction, ukipata 70 ni distinction. Hata mzazi ambaye hakusoma sana alielewa.

Sheria ya Februari 2014 juu ya elimu ya taifa ilifungua mlango wa mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serkali iliueneza katika masomo ya juu ya inchi nzima. Sasa licence ni miaka 3 yenye krediti 180, na master ni miaka 2 yenye krediti 120. Kila mwaka una krediti 60, yaani 30 kwa kila semesta. Krediti moja inahesabiwa saa 25 za kazi, na katika saa hizo kuna zile za kukaa ndani ya oditwari na zile ambazo mwanafunzi anapaswa kusoma peke yake. Ukipiga hesabu, mwaka mzima ni saa 1500. Ni wangapi waliowahi kuelezwa kwamba saa za kujisomea nyumbani zimo ndani ya hesabu hiyo?

Katika mfumo huu, krediti uliyoipata ni yako, na ile uliyoikosa inakufuata. Mwanafunzi anaweza kupanda mwaka akiwa bado na deni la krediti nyuma yake, kadiri masharti yanavyoruhusu. Jambo hilo ni zuri, kwa sababu mtu harudii mwaka mzima kwa ajili ya somo moja. Lakini ni hatari pia: deni halipigi kelele. Linakaa kimya mpaka siku ya kutafuta diploma.

Na nyumbani hakuna wa kusaidia. Papa aliyesoma wakati wa mfumo wa zamani, akisikia mtoto anasema "niko L2", anafikiri mtoto anamaliza, maana kwake L2 ilikuwa mwaka wa tano. Kumbe siku hizi L2 ni mwaka wa pili tu. Kaka mkubwa aliyemaliza G3 hajui maana ya krediti. Shauri lililotoka katika familia halitoshi tena, ijapokuwa feza za masomo bado zinatoka katika familia hiyo hiyo: mama anauza makala sokoni, papa anangoja mshahara uliochelewa. Mwaka mmoja ukipotea kwa sababu ya somo ambalo halikufuatwa, ni wao wanaolipa.

Kwa hiyo, mwanafunzi, kazi ya kwanza ni yako. Usiende kwa mwalimu wakati wa kuomba pointi tu. Asistenti anayekuona kwa mara ya kwanza wiki moja baada ya matokeo, ukiwa na uso wa huzuni, hawezi kukufanyia jambo kubwa. Tena atafikiri umekuja kubembeleza. Nenda mwezi wa kwanza wa semesta. Nenda na daftari, na maswali mawili ao matatu yaliyoandikwa. Katika mwaka wa kwanza, omba uonyeshwe programu nzima ya miaka mitatu: ni somo gani linafungua lingine, na ni lipi ukilikosa litakuzuia mbele. Katika mwaka wa pili, peleka karatasi ya matokeo yako, muhesabu pamoja krediti ulizo nazo na zile unazodaiwa, na uulize ni lini somo la deni litapangwa tena. Hakikisha pia jina lako limeandikwa sawasawa kwenye orodha. Herufi moja iliyokosewa leo itakuwa safari nyingi za ofisini kesho.

Mwaka wa mwisho una jambo lake, yaani kazi ya kumaliza masomo. Hapa wengi wanakwama miezi kwa miezi. Mwanafunzi anakwenda kwa direkta wake na kusema, "Profesa, ninaomba sujet." Hiyo ni sawa na kumwendea fundi cherehani bila kitambaa. Peleka ukurasa mmoja: jambo unalotaka kuchunguza, swali lako, mahali utakapopata habari, na vitabu viwili ao vitatu ulivyokwisha kusoma. Profesa mwenye wanafunzi wengi wa kuongoza atasoma ukurasa mmoja akiwa amesimama. Kurasa 40 zitalala ndani ya gari lake. Na kila mara mnapoachana, andika tarehe na mliyokubaliana, umtumie kwa ujumbe mfupi. Direkta akisafiri, akigonjwa ao akibadilishwa, maandishi hayo yatakuwa ushahidi wa pale mlipofika.

Najua jibu ambalo wengi watanipa: "Asistenti mmoja, wanafunzi mamia, atatupokea saa ngapi?" Ni kweli. Asistenti wetu wengi wanalipwa vibaya, wengine wanangoja miaka kabla ya kuingizwa kwenye orodha ya mshahara, na wanakimbia kutoka chuo hiki kwenda kile ili wapate chakula cha watoto. Lakini uchache wa walimu ndio sababu ya kujipanga. Wanafunzi watano wenye swali moja wanaweza kwenda pamoja. CP anaweza kukusanya maswali ya promosheni nzima na kurudi na jibu moja lililoandikwa, badala ya kila mtu kusikia lake kwenye WhatsApp. Wakubwa waliotutangulia mwaka mmoja wanajua mengi. Waulizwe, kisha walichosema kihakikishwe kwa mwalimu.

Kuna jambo lingine ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini, nami nitalisema wazi. Wapo wasichana wasiokwenda kuomba shauri kwa sababu wanaogopa, na woga wao una sababu. Mwalimu anayempangia mwanafunzi kikao usiku, ao nyumbani kwake, ao hotelini, hampi shauri la masomo. Sheria ya Julai 2006 juu ya jeuri za kingono inaadhibu pia usumbufu wa namna hiyo. Mwanafunzi ana haki ya kuja na mwenzake, ya kuomba mlango ubaki wazi, na ya kukataa mahali pasipo ofisi. Na mwalimu mwaminifu, ambao ni wengi, hatachukia. Mlango wazi unalinda jina lake pia.

Hapo ndipo kazi ya vyuo inapoanza. Kuhubiri LMD kwenye mikutano bila kuweka washauri ni kumpa mtu gari bila usukani. Ninaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa wafazili. La kwanza, mwanzoni mwa mwaka kila idara ibandike kwenye valve jina la mshauri wa kila promosheni, siku na saa anazopokea wanafunzi, na ofisi anamopokelea. La pili, kila mwanafunzi apewe mwisho wa kila semesta karatasi inayoonyesha krediti alizopata na zile anazodaiwa, bila kulipia feza nyingine juu ya zile alizokwisha kulipa. La tatu, saa za kushauri zihesabiwe katika kazi ya asistenti kama vile saa za kufundisha. Kazi isiyohesabiwa haifanywi, ao inafanywa na wenye moyo tu, na wenye moyo nao wanachoka.

Komite za usimamizi zitasema muda haupo. Lakini muda unapatikana kila mwaka wa kupokea malalamiko mamia baada ya matokeo, kupekua makaratasi ya zamani na kukutanisha juri mara ya pili. Tukichukua sehemu ndogo ya muda huo na kuiweka mwanzoni mwa mwaka, malalamiko mengi hayatazaliwa.

Wewe mwanafunzi usingoje mpaka komite ikutane. Anayeuliza njia hapotei. Juma hili, toa karatasi yako ya matokeo, hesabu krediti zako, andika maswali yako matatu, kisha ukabishe mlango. Ukikuta umefungwa, soma saa zilizobandikwa, urudi. Na kama hakuna saa zilizobandikwa, nyinyi pamoja na CP wenu mtakuwa na jambo la kwanza la kumuuliza mkuu wa idara.