Mawe ya figo yasile mtaji wa mfanyabiashara

UKURASA huu kila wiki hutazama bei ya mchele, maharage, sukari na dola. Wiki hii tunatazama gharama moja isiyoandikwa katika daftari lolote la duka, nayo ni mawe ya figo.

Mfanyabiashara wa Kariakoo hufungua duka asubuhi na kufunga jioni. Kutwa nzima yuko katika joto, na maji hayanywi, kwa sababu akinywa itambidi atafute choo, na akienda chooni nani atabaki na mteja? Kuli wa Mtaa wa Kongo na muuza mitumba wa Mchikichini nao ni hivyo hivyo. Mkojo ukiwa mchache na mzito, chumvi zilizomo hugandamana na kuwa jiwe. Siku jiwe hilo likishuka na kuziba njia, mtu hugaagaa sakafuni.

Tupige hesabu ya duka. Tuseme, kwa mfano tu, duka linakupa faida ya sh. 60,000 kwa siku. Ukipasuliwa kwa kisu na kupumzika siku 40, umepoteza sh. 2,400,000 kabla hujalipa hospitali hata senti. Ukirudi dukani baada ya siku tatu, hasara ni sh. 180,000. Tofauti hiyo ni mtaji wa mtu.

Njia ya siku chache ipo, nayo ni kuvunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mjini Munich, Ujerumani, Februari 1980, kwa mashine ya Dornier, kampuni iliyojulikana kwa kutengeneza ndege. Mashine za mwanzo zilimlaza mgonjwa ndani ya beseni kubwa la maji. Za siku hizi hutumia mto wenye maji unaogusa ngozi. Daktari hulitafuta jiwe kwa eksirei au altrasaundi, kisha mawimbi 2,000 hadi 3,000 hulipiga kwa muda usiozidi saa moja hivi. Jiwe husagika, na vipande hutoka kwa mkojo katika siku au wiki zinazofuata. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Tiba hii si ya Ulaya na India peke yake. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inayo, na tangu treni ya umeme ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu wa Ilala hufika huko kwa saa chache. Kwa hiyo asiuze kiwanja kwa ajili ya nauli ya ndege kabla ya kuuliza hapa nyumbani. Aanzie kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, na Muhimbili iko hapo Upanga.

Hata hivyo, bidhaa nzuri nayo ina masharti yake. Jiwe lisilofika milimita tano mara nyingi hutoka lenyewe. Jiwe la figo linalozidi sentimita mbili kwa kawaida huhitaji njia nyingine, na yapo magumu ambayo mawimbi hayayavunji. Mjamzito hafanyiwi, wala mwenye damu isiyoganda vizuri, wala mwenye maambukizi ya mkojo yasiyotibiwa. Wengine hurudia mara mbili au tatu. Mwenye maumivu ya jiwe pamoja na homa asisubiri foleni ya mashine. Akimbie hospitali usiku huo huo, maana figo iliyoziba na kuoza huua.

Sasa maoni yetu. Kwanza, hospitali zitangaze bei kamili. Muuza vitenge hubandika bei, iweje mgonjwa aambiwe bei ya kikao kimoja, kisha vipimo, dawa na marudio avikute mbele ya safari? Mnunuzi aulize yote hayo mapema: jiwe langu lina ukubwa gani, liko wapi, na lisipovunjika nitalipa tena?

Pili, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Wafanyabiashara wadogo wasiione kuwa ni kodi nyingine. Kabla ya kuchukua kadi yoyote ya bima, waulize kama tiba hii imo. Michango ya mazishi tunaijua sana; ya kumzuia mtu asifike huko hatujaizoea.

Tatu, kwa wawekezaji wanaofikiria kuagiza mashine ya mtumba kutoka nje: tahadhari. Kifaa kinachotoa mawimbi huchakaa na kubadilishwa, fundi wake ni adimu, na katika nchi tajiri madaktari wengi wamehamia kwenye kamera nyembamba na miale ya leza. Mashine isiyo na wagonjwa wa kutosha ni mtaji uliolala. Ni afadhali hospitali kadhaa zipeleke wagonjwa kwenye mashine moja inayofanya kazi kuliko kila moja kuwa na yake iliyofunikwa turubai.

Mwisho, dawa ya bei nafuu kuliko zote ni maji. Kunywa hadi mkojo uwe mweupe, na upunguze chumvi, hasa wewe uliyewahi kupata jiwe, kwani karibu nusu ya waliopona hupata jingine ndani ya miaka kumi. Na Halmashauri ya Jiji, inayokusanya ushuru wetu, ituongezee vyoo safi vya karibu. Mtu asiyekuwa na choo hatakunywa maji hata umhubirie mwaka mzima.

Ndugu msomaji, umeajiri msaidizi wa kuuza. Mwachie duka dakika tano.